Bristol mpaka Great Bedwyn kwa baiskeli: siku mbili za kwenda polepole

Tuanze na upepo, mana watu wengi wanaanza na baiskeli. Kusini mwa Uingereza siku nyingi upepo unavuma toka kusini magharibi, unatoka Atlantiki umebeba mawingu, na sio kama kwetu pwani ambako kusi ina miezi yake na kaskazi ina miezi yake, kule upepo hauna msimu ila una upande unaoupenda. Kwaiyo ukitaka kukatiza mashambani kwa baiskeli siku nzima, anzia magharibi uelekee mashariki, upepo ukusukume mgongoni. Mimi mara ya kwanza nilifanya kinyume, nilitoka Reading asubuhi kuelekea Bath nikitaka nimalize siku moja, zaidi ya kilomita mia, upepo usoni muda wote, kichwa nimeinamisha, na nilipofika usiku nikagundua nimepita kwenye nchi nzuri sana na sijaiangalia. Iliniuma kweli. Ndo mana nikarudi mwaka uliofuata, safari hii kutokea Bristol, siku mbili badala ya moja, na hiyo ndo njia ninayokuelekeza hapa.

Kwa kifupi: siku ya kwanza Bristol, Bath, Bradford on Avon, unalala Devizes, ni kama kilomita 55 hadi 60 kutegemea umechepuka mara ngapi. Siku ya pili bonde la Pewsey mpaka kijiji cha Great Bedwyn, hapo ni kama 40 hivi, alafu unapanda treni. Mtu mwenye mazoezi atasema mbona kidogo. Ndio, ni kidogo makusudi kabisa. Toka Bath unafuata mfereji wa zamani wa boti, na kwenye njia ya kando yake mwendo wa haki ni kama kilomita 12 kwa saa, ina maana siku ya kwanza una masaa matano ya kukanyaga pedeli, na mimi nakushauri siku hiyo uipe masaa kumi. Yale matano mengine ndo safari yenyewe.

HATUA YA 1: CHAGUA MWEZI

Mei na Juni, basi. Mwezi wa tano ile miti ya miiba kwenye uzio wa mashamba inachanua maua meupe njia nzima, na mwezi wa sita jua linachomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri na kuzama baada ya saa tatu usiku, yaani mchana wa masaa kumi na sita na zaidi, mtu uliyekulia karibu na ikweta unachanganyikiwa kabisa, unakula chakula cha usiku jua bado liko juu ya miti. Mwanga mwingi hivyo unakuondolea haraka. Ukichelewa Bath saa nzima hakuna kitakachoharibika.

Agosti na Septemba nako pazuri, matunda meusi ya mwituni yanaiva kwenye uzio unachuma bure unakula ukiendelea. Ila ujue kitu kimoja: wakulima kwa kawaida hawaruhusiwi kukata zile nyuzio za miti toka tarehe 1 Machi mpaka 31 Agosti kwa ajili ya ndege wanaotaga, kwaiyo ikifika Septemba trekta zinaingia kazini na miiba inamwagika barabarani. Pancha za Septemba na Oktoba ni nyingi mno. Mvua inaweza kukupata mwezi wowote, usiipigie hesabu, beba koti.

HATUA YA 2: BAISKELI NA MZIGO

Huitaji baiskeli ya bei. Unahitaji baiskeli yenye tairi pana kidogo, milimita 32 mpaka 40, mana sehemu kubwa ya siku ya kwanza ni changarawe iliyoshindiliwa na kuna vipande vya mizizi na matope. Zile za mashindano zenye tairi nyembamba zitakutetemesha mikono mpaka vidole vife ganzi. Ukiazima au kukodi, kabla hujatoka dukani fanya haya: kaa kwenye siti, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unyooke, baadae ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya nyayo goti litabaki limekunjika kidogo, hapo siti iko sawa. Siti fupi ndo chanzo cha magoti kuuma jioni, sio umri. Bana breki zote mbili kwa nguvu ujaribu kusukuma baiskeli, isitembee. Zungusha cheni nyuma uisikilize, ikilia kama ndege iwekee oili.

Madigadi ni lazima. Bila madigadi matope ya njia ya mfereji yanapanda yote mgongoni.

Mzigo ukae kwenye keria, usibebe mgongoni. Mzee wangu kule Urambo alikuwa na Phoenix, kila kitu kilikaa nyuma kimefungwa kwa mpira wa tyubu, yeye mwenyewe mgongoni hakuwa na kitu, na alikuwa anatembea umbali ambao mimi hadi leo siuwezi. Begi la mgongoni linakulowesha jasho na linahamishia uzito wote kwenye makalio. Weka mikoba miwili kwenye keria, pande mbili, uzito ulingane.

Ndani uweke: tyubu moja mpya ya saizi ya tairi lako, viraka na solusheni, vijiti viwili vya kutolea tairi, pampu ndogo, spana za kukunja, kufuli, taa ya mbele nyeupe na ya nyuma nyekundu. Taa ni sheria jua likishazama, na hata mchana utapita kwenye handaki. Kofia ngumu kule sio lazima kisheria ila mimi navaa na nakuomba uvae. Koti la mvua, sweta moja hata kama ni Juni, soksi za akiba. Alafu chakula. Mke wangu ananifungia chapati na mayai ya kukaanga kwenye foili, ndizi tatu na karanga, na nimejaribu zile biskuti za wanamichezo zinazouzwa madukani nikarudi kwenye chapati, chapati haiyeyuki kwenye begi na saa sita mchana bado ni laini.

Ramani: simu inatosha mpaka chaji iishe au mtandao upotee bondeni, na bondeni unapotea. Chukua zile za karatasi za Ordnance Survey zenye jalada la pinki, kipimo 1:50,000, namba 172, 173 na 174. Uzuri wake zinakuonyesha mlima kabla hujaufikia: mshale mmoja mdogo juu ya barabara maana yake mwinuko wa kati ya asilimia 14 na 20, mishale miwili ni zaidi ya asilimia 20, na ukiona miwili inakutazama jipange kushuka usukume.

HATUA YA 3: TRENI YA KWENDA

Kutoka London unapandia Paddington mpaka Bristol Temple Meads. Baiskeli haina nauli, lakini kwenye treni za masafa marefu nafasi za baiskeli ni chache na inabidi uiwekee nafasi mapema, unaiomba pamoja na tiketi yako. Usiende kuibukia tu bila nafasi. Siku ya safari fika mapema, uliza behewa lenye alama ya baiskeli litasimama upande gani wa jukwaa, mana likisimama upande wa pili utakimbia jukwaa zima ukiikokota na milango inafungwa. Zile za kukunja hazina shida hiyo.

Kama unaweza, fika Bristol jioni ya jana yake ulale. Safari ianze saa mbili asubuhi, saa ya kwetu.

HATUA YA 4: BRISTOL MPAKA BATH, NJIA YA RELI ILIYOKUFA

Toka Temple Meads ufuate vibao vya bluu vyenye namba 4 kwenye kiboksi chekundu. Hiyo namba 4 ni njia ya taifa ya baiskeli inayoanzia London mpaka Fishguard huko Wales, na wewe utashikana nayo karibu safari nzima, ukikosa kibao kwa zaidi ya dakika kumi rudi nyuma mpaka cha mwisho ulichokiona, usibahatishe mbele.

Dakika chache tu uko kwenye njia ya lami isiyo na gari hata moja, kilomita 21 mpaka Bath. Hii ilikuwa reli. Treni za abiria zilikoma miaka ya 1960, baadae na za mizigo, ikabaki pori, alafu kikundi cha watu wa Bristol waliopenda baiskeli, kilichoanzishwa 1977, kikaanza kuitengeneza kwa mikono, kipande cha kwanza 1979, ikakamilika 1986. Mtandao mzima wa njia za baiskeli wa Uingereza ulizaliwa na kazi ya wale watu, na kila nikipita pale najisikia kuwashukuru. Na kwa kuwa treni za mvuke hazikuweza kupanda mlima mkali, njia nzima haina mwinuko mkali, inafaa sana kuanzia siku, magoti yanapata moto taratibu.

Staple Hill unaingia handaki la karibu nusu kilomita, limewekwa taa lakini na wewe washa yako, watembea kwa miguu wanavaa nguo nyeusi. Kilomita kadhaa mbele, Bitton, kuna stesheni ya zamani iliyofufuliwa na watu wa kujitolea, wikiendi nyingi utakuta kichwa cha treni cha mvuke kinafuka moshi mita chache kutoka kwenye baiskeli yako. Simama hapo unywe chai. Najua umetoka saa moja tu iliyopita. Simama. Ukijizoesha kusimama mapema siku nzima itakaa vizuri.

Mbele ya hapo njia inavuka mto Avon mara kadhaa, alafu inakushusha kando ya mto wenyewe mpaka Bath mjini. Mji wote umejengwa kwa jiwe moja rangi ya asali, na yale mabafu ya Warumi yako katikati, ila kama umekuja kwa ajili ya baiskeli usifunge kufuli uingie kwenye foleni, utakula masaa mawili. Bath irudie siku nyingine kwa miguu.

HATUA YA 5: KUINGIA MFEREJINI, NA ADABU ZAKE

Nyuma ya stesheni ya treni ya Bath kuna daraja la waenda kwa miguu, vuka ukiikokota baiskeli, ng'ambo ndo unaanza mfereji wa Kennet na Avon. Huu mfereji ulikamilika 1810, unaunganisha Bristol na Reading, kilomita 140 ukiweka na sehemu za mto. Boti za mizigo zilivutwa na farasi aliyetembea ukingoni, na hiyo njia ya farasi ndo wewe unapita leo. Ukilijua hilo mambo mengi yanaeleweka: kwanini njia ni nyembamba, kwanini chini ya kila daraja inabana na dari limeinama (inamisha kichwa kweli, mawe hayo hayana huruma), na kwanini kona za mawe kwenye madaraja zina mikwaruzo mirefu kama iliyochanwa kwa uzi, ni kamba za farasi zilizosugua miaka na miaka. Mimi huwa nashuka naingiza kidole kwenye hiyo mikwaruzo.

Sasa adabu, na hapa naomba usome taratibu mana ndo inayotofautisha mgeni mzuri na kero.

Mwenda kwa miguu ana haki kwanza, kila mahali kwenye hii njia. Piga kengele mara mbili ukiwa mbali, sio ukishamfikia mgongoni akaruka majini. Punguza mwendo mpaka wa kutembea, pita, sema asante. Kule mashambani watu wanasalimiana, wanasema "morning" na ishara ya kichwa, na wewe itikia, usipite kimya kama ulivyozoea mjini. Chini ya madaraja hamwonani, kwaiyo kengele kabla ya kila daraja na uwe tayari kusimama. Wavuvi wana fimbo ndefu sana zinazokatiza njia nzima, subiri aivute, hachukui muda. Mbwa hawafungwi, usimkimbize. Mabata maji wakubwa weupe wakiwa na watoto, Mei na Juni, dume anaweza kukujia mabawa yamefunguka, we shuka, weka baiskeli kati yako na yeye, pita polepole.

Na boti. Ni nyembamba mno, upana mita mbili na kidogo, ndefu, zimepakwa rangi za maua, na nyingi ni nyumba za watu, mtu anaishi humo na paka wake na kuni juu ya dari. Dirisha lake liko usawa wa goti lako, usichungulie. Angalia kamba na vigingi vilivyopigwa ukingoni.

Kilomita 8 hivi kutoka Bath utafika Dundas, ambako mfereji wenyewe unapita juu ya daraja la mawe kuvuka mto, yaani boti inaelea hewani na mto uko chini yake na reli nayo iko chini. Mhandisi wake ni John Rennie. Shuka, vuka kwa miguu, egemea ukuta. Pale nilikaa robo saa nzima nikiangalia boti moja inavuka. Avoncliff kuna lingine, na hapo uwe makini, njia inahamia upande wa pili wa mfereji kwa kushuka na kupita chini ya daraja hilo hilo, watu wengi wanaikosa wanaishia kwenye nyasi.

(Kama unapenda giza: badala ya kipande cha Bath hadi Dundas unaweza kupita handaki la Combe Down, lilikuwa la reli, likafunguliwa kwa baiskeli 2013, mita 1,672 chini ya mlima, ni baridi humo hata kiangazi. Unatokea Midford, alafu vibao vya namba 24 vinakurudisha Dundas.)

Chakula cha mchana ule Bradford on Avon. Mita chache kutoka mfereji kuna ghala la mawe la karne ya 14, mita 51 urefu, lilikuwa la kuhifadhia mazao ya watawa, paa lake kwa ndani ni mbao zimepangana kama mbavu za jahazi lililogeuzwa, kuingia ni bure. Toa chapati zako nje pale kwenye nyasi. Ukitaka cha moto ingia pabu au mgahawa, ila ujue majiko mengi ya pabu za mashambani yanapika saa sita mpaka saa nane mchana hivi alafu yanafunga mpaka jioni, ukifika saa tisa utapewa karanga. Kiazi cha kuokwa na maharage ni salama kwa karibu kila mtu. Pabu yenye leseni inatakiwa ikupe maji ya bomba bure ukiwa mteja, kwaiyo ukinywa chai yako waombe wakujazie na chupa. Pombe subiri Devizes, kuendesha baiskeli umelewa ni kosa la jinai kule.

HATUA YA 6: NGAZI ZA MAJI ZA CAEN HILL

Toka Bradford ni kama kilomita 20 za kwenda tu, mashamba, ng'ombe, Semington, Seend, milango ya maji mojamoja. Mchana wa namna hii mtu anaanza kuwaza "nisukume nimalize". Hapo ndo mimi naomba uzuie mguu. Shuka kwenye loku yoyote (chumba cha maji chenye milango mbele na nyuma, kinachopandisha au kushusha boti) yenye boti ndani, wasaidie watu kusukuma lile gogo la mlango, wanakubali kwa furaha, unaliegemea kwa mgongo na makalio unatembea kinyumenyume, na maji yakishalingana tu linafunguka lenyewe laini kabisa kama mlango wa nyumbani.

Alafu unafika chini ya Caen Hill na unaelewa kwanini ulihifadhi nguvu. Loku 29 ndani ya kilomita 3 hivi, zinapandisha boti mita 72, na 16 kati yake zimepangana mstari mmoja juu ya kilima, milango myeupe na meusi mmoja juu ya mwingine mpaka angani. Boti inachukua karibu masaa sita kuzimaliza zote 29. Wewe na baiskeli ni dakika ishirini, weka gia ndogo kabisa kabla mwinuko haujaanza, sio katikati, cheni itakwama. Au sukuma kwa miguu, mimi nasukuma, nahesabu loku moja moja.

Kaa juu uangalie chini. Reli ya London hadi Bristol ilipokamilika 1841 biashara ya mfereji ikafa pole pole, 1852 kampuni ya reli ikaununua, na katikati ya karne iliyopita hizi loku zilikuwa zimejaa magugu, mbao zimeoza, hakuna maji. Watu wa kawaida, wengi wastaafu na vijana wa wikiendi, wakachimba matope kwa majembe miaka mingi, mpaka Malkia Elizabeth akaja kuufungua tena hapo hapo mwaka 1990. Mimi nimekulia mkoa ambao reli na njia zake ziliachwa zikafa pia, kwaiyo nikikaa pale juu jioni na jua limelala kwenye yale maji ya hatua hatua, nafikiria nyumbani sana.

Devizes mjini iko juu tu hapo. Weka nafasi ya kulala mapema, na uulize kabisa kama wana sehemu ya kufungia baiskeli ndani. Na kumbuka Devizes haina stesheni ya treni, ukitaka kuishia siku ya kwanza ishia Bradford on Avon, huko ipo.

HATUA YA 7: SIKU YA PILI, BARABARA NDOGO

Asubuhi minya tairi kwa kidole gumba, jaza upepo, funga keria upya. Baada ya Devizes njia ya mfereji inakuwa mbovu, nyasi na mabonde, na vibao vya namba 4 vinakutoa mferejini vinakuingiza kwenye barabara ndogo za vijijini. Vifuate.

Hizi barabara zina upana wa gari moja, kushoto na kulia uzio wa miti umepanda kuliko kichwa chako, huoni shamba ila unasikia kondoo. Unaendesha kushoto kama Tanzania, Kenya na Uganda, ila ndugu zetu wa Kongo, Rwanda na Burundi jikumbusheni kila mkitoka kwenye mapumziko, makosa yanatokea pale unapoanza tena asubuhi barabara ikiwa tupu. Ukiona duara jeupe lenye mstari mweusi wa kukatiza, usidhani maana yake nenda taratibu, ni kwamba gari inaruhusiwa mpaka maili 60 kwa saa, kama kilomita 96, kwenye kijibarabara hicho hicho. Wengi hawaendi hivyo lakini kwenye kona usitegemee. Kwenye kona ya upofu usijibane kabisa kwenye majani, kaa ndani kidogo ya njia dereva akuone mapema, ukishatoka kwenye kona sogea pembeni kwenye uwazi umpishe, anakupungia, unampungia. Mwongozo wa barabara toka 2022 unamtaka akuache angalau mita moja na nusu akikupita kwa mwendo wa hadi maili 30, zaidi akiwa na kasi.

Ukikuta farasi, usipige kengele. Ongea. Sema "hello" kwa sauti ya kawaida ukiwa nyuma, farasi akisikia sauti ya mtu anatulia, pita mbali na polepole.

Njia za kukatiza mashambani: mshale wa njano ni ya miguu tu, usiingie na baiskeli, mshale wa bluu ni ya farasi na baiskeli inaruhusiwa toka sheria ya 1968, ila unawapisha wenye miguu na wenye farasi. Geti ulilolikuta limefungwa lifunge. Na majani ya kuwasha kule yapo pembeni kila mahali, wenyewe wanayaita nettle, yanawasha kama upupu. Karibu yake huota majani mapana ya dock, yafikiche usugue, mimi yamenisaidia.

Kama kilomita 12 kutoka Devizes angalia kushoto juu ya kilima: farasi mweupe mkubwa amechongwa kwenye nyasi mpaka kwenye jiwe la chaki, ni wa Alton Barnes, tangu 1812. Anaonekana muda mrefu sana ukimzunguka, kila kona yuko tofauti. Kuanzia hapo mpaka Pewsey ni bonde pana, tambarare, upepo mgongoni, nyumba za matofali na paa za nyasi zilizonyolewa kingo kama nywele. Hii saa moja na nusu ndo ninayoikumbuka kuliko zote. Hakuna cha kukuelekeza hapa, gia ya kati, mikono ilegee.

HATUA YA 8: PANCHA, MANA ITATOKEA

Geuza baiskeli miguu juu pembeni kabisa ya barabara, getini ndo kuzuri. Toa gurudumu, toa tairi upande mmoja tu, vuta tyubu. Kabla hujaweka mpya pitisha vidole ndani ya tairi taratibu mzunguko mzima, kuna mwiba bado umebaki, na usipoutoa utaziba mara mbili. Weka tyubu mpya ikiwa na hewa kidogo isijikunje, rudisha tairi kwa vidole gumba umalizie upande wa kibomba, jaza. Ile iliyotoboka utaiziba jioni kwa utulivu.

HATUA YA 9: WOOTTON RIVERS, CROFTON, TRENI

Baada ya Pewsey usikose kuingia Wootton Rivers. Kanisani kuna saa ambayo moja ya nyuso zake haina namba, ina herufi kumi na mbili zinazosomeka GLORY BE TO GOD, yaani utukufu kwa Mungu. Aliitengeneza mwanakijiji Jack Spratt kwa ajili ya kutawazwa kwa Mfalme George wa Tano 1911, kijiji hakikuwa na hela ya kununua saa kwaiyo watu wakaleta vyuma chakavu, vitanda, mabomba, vipande vya baiskeli. Vya baiskeli! Kaa kwenye ukuta usubiri igonge.

Kutoka hapo unapanda kidogo ukingoni mwa msitu wa Savernake, na chini yako mfereji unapita ndani ya handaki ambalo halina njia ya miguu, farasi walikuwa wanafunguliwa wanapita juu kama wewe. Crofton kuna nyumba ya mashine ya kusukumia maji mferejini, injini ya mvuke ya 1812 bado inafanya kazi pale pale ilipofungwa. Siku za kuiwasha ni chache, zitafute kabla hujapanga tarehe, kuona lile boriti la chuma linapanda na kushuka kunastahili kuhamisha safari wiki moja.

Great Bedwyn ni dakika kumi na tano kutoka hapo. Treni za kuelekea Newbury na Reading zinaanzia kijijini, zinakuja kwa nafasi, kwaiyo angalia muda mapema alafu ukifika na nusu saa mkononi futa cheni, badili soksi, malizia karanga. Kwenye hizi treni ndogo hauhitaji kuiwekea baiskeli nafasi, simama nayo mlangoni uishike. Na uangalie dirishani, mfereji unaongozana na reli mpaka Newbury, utaziona boti zinaenda kwa mwendo wa mtu anayetembea, mwenye boti amesimama nyuma na kikombe chake cha chai.